Vifungo vya Skii na Mguu wa Binadamu

Katika mkutano wetu uliopita wa wanafunzi wa zamani, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia akiwa na ramani ya mlima Kilimanjaro mkononi, akaniuliza kwa nini barafu moja iliyomo ndani ya kasoko ya Kibo inaitwa Furtwängler, jina ambalo hata kulitamka ni taabu. Nilimjibu kwa kifupi, maana chakula kilikuwa tayari na wazee walikuwa wakiitwa mezani. Mhariri wa jarida hili aliyasikia mazungumzo yale, naye akanitaka niandike jibu kamili. Jibu hilo limenipeleka mbali na mlima wetu, hadi kwa mafundi waliovunjika miguu huko Ulaya na Marekani, na naomba ndugu wasomaji mnivumilie.

Walter Furtwängler alikuwa Mjerumani, nduguye Wilhelm Furtwängler ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa kuongoza okestra. Mwaka 1912 yeye na mwenzake Siegfried König walipanda Kibo hadi kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Hawakuwa wa kwanza. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikwisha kufika mwaka 1889, na wengine wachache wakafuata; hawa wawili huhesabiwa kuwa kundi la nne. Kilichowatofautisha na waliotangulia ni mzigo waliokwenda nao. Walichukua skii, na katika kushuka wakazitumia.

Vijana wengi wa shule yetu hudhani kwamba skii ni jambo la kwenye televisheni, la watu wengine na dunia nyingine. Kumbe skii zimepita juu ya theluji ya nchi hii zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati ambapo huko Ujerumani na Austria kwenyewe mchezo huo ulikuwa haujatimiza miaka 25 tangu uanze kuenea. Sisi wa Kemambo, ambao baridi yetu kubwa ni mvua ya mawe inayoangusha mahindi, hatukuwa mbali na habari hizo kama tunavyofikiri. Mstari wa mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ule uliotutenga sisi Wakurya wa upande huu na ndugu zetu wa upande wa Kehancha, ndio mstari uleule uliopinda kuizunguka Kilimanjaro na kuiacha kusini, mikononi mwa Wajerumani. Bila ya mpinde ule huenda barafu hiyo ingekuwa na jina la Kiingereza.

Basi tueleze kwanza skii ni nini. Ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda juu kwenye ncha, ambazo mtu huzifunga miguuni ili asizame katika theluji na ili ateleze. Siku hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa mbao, plastiki, nyuzi za kioo na chuma, lakini umbo ni lile lile. Kitu kinachoushika mguu juu ya ubao huo nitakiita kifungo. Msomaji asidhani nasema habari za gereza, ingawa mbele tutaona kwamba kwa miaka mingi tofauti haikuwa kubwa sana.

Kwa karne nyingi kifungo kilikuwa ukanda mmoja tu wa ngozi uliopita juu ya vidole vya mguu. Kisigino kilikaa huru kabisa. Kwa mwindaji au mkulima wa Norwe aliyekuwa akitembea katika bonde lililojaa theluji, ukanda huo ulitosha. Shida ilikuja alipotaka kuteremka mlima kwa kasi, kukata kona au kuruka: ubao ulimponyoka na kwenda zake, yeye akabaki amekaa chini.

Mtu anayetajwa sana katika kulirekebisha jambo hili ni Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka 1825 huko Morgedal, katika jimbo la Telemark. Alikuwa mtu maskini, mpangaji kwenye shamba la wengine, na fundi wa mikono. Yeye alisokota mizizi ya mti wa beti, akaizungusha nyuma ya kisigino na kuifunga mbele, hata buti likashikwa pande zote. Mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 42, alikwenda kushindana Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo, akawashangaza watu wa mjini kwa jinsi alivyokata kona na kusimama. Baadaye, mwaka 1884, alihamia Marekani, na huko North Dakota, kwenye nchi tambarare isiyo na mlima hata mmoja wa kuteremka, ndiko alikofia mwaka 1897. Mimi huwa namwonea huruma kwa hilo.

Tuangalie mzizi ule kwa makini. Ulinyumbuka. Mtu alipoanguka vibaya ulilegea, na ukizidiwa ulikatika. Norheim hakuubuni kwa ajili ya usalama; alitaka kuuongoza ubao tu. Lakini udhaifu wa mzizi ulikuwa kinga, na waliokuja baada yake, wakitaka kitu madhubuti zaidi, waliuondoa udhaifu huo na kuondoa kinga pamoja nao.

Mwaka 1888 Fridtjof Nansen wa Norwe alivuka Greenland kwa skii. Kitabu chake kilipotafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1891, vijana wa Ujerumani, Austria na Uswisi waliingiwa na wazimu wa skii. Hapo ndipo mafundi walipoanza kushindana. Mwaka 1894 Fritz Huitfeldt, Mnorwe, alileta kifungo cha chuma: bamba lililopitishwa kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa skii, likakunjwa juu pande zote mbili kama masikio na kuibana ncha ya buti, kisha mkanda ukazunguka kisigino. Mwaka 1904 kiliongezwa kiwenzo kidogo cha kukazia mkanda huo, ili usilegee njiani.

Huko Lilienfeld, Austria, mtu mwingine hakuridhika. Huyu ni Mathias Zdarsky, mwalimu na mchoraji aliyejitenga mashambani akajifundisha skii mwenyewe. Milima ya Alps ina miteremko mikali kuliko ya Norwe, naye aliona kwamba vifungo vya Kinorwe vinayumba ubavuni. Alitengeneza bamba la chuma la kukanyagia, lenye bawaba na springi mbele ya vidole, ambalo liliruhusu kisigino kuinuka lakini halikuruhusu mguu kuyumba kushoto wala kulia. Ubishi wake na Wanorwe ulikuwa mkali, kama ubishi wa mashabiki wa Simba na Yanga, mpaka mwaka 1905 Mnorwe Hassa Horn alipokwenda Austria kuona kwa macho yake, wakateleza pamoja na kuachana kwa amani. Zdarsky mwenyewe aliyapata maumivu ya mlima kwa namna nyingine. Mwaka 1916, akiwafundisha askari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, aliangukiwa na poromoko la theluji likamponda. Mivunjiko na mitenguko yake inatajwa kufikia 80. Alipona, na baada ya miaka akarudi kwenye skii.

Hiyo ndiyo hali ya ufundi Furtwängler na König walipopanda Kibo mwaka 1912. Palikuwa na vifungo vya mkanda na masikio ya chuma kwa mtindo wa Kinorwe, na palikuwa na vifungo vya bamba na springi kwa mtindo wa milima ya Alps. Kila upande ulijivunia namna ulivyoushika mguu. Katika vyote hivyo hapakuwa na hata kimoja kilichotengenezwa ili kiuachie.

Naomba msomaji apime maana yake mahali pale. Reli kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi, lakini kutoka kasoko ya Kibo hadi Moshi ni safari ya siku kadhaa kwa miguu, kupitia mawe, jangwa la mlima, kisha msitu. Mtu aliyevunjika muundi kule juu angebebwa kwa machela mabegani mwa wapagazi. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1928. Mfupa uliotoboa ngozi ulikuwa hukumu. Wapagazi wenyewe, waliokuwa wamevaa nguo za tambarare na wengi wao bila viatu vya maana, walikuwa katika hatari kubwa kuliko hao wenye skii, na majina yao hayakupewa barafu yoyote.

Wajerumani wale wawili walishuka salama. Katika mwaka huohuo wa 1912 Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walikuwa mlimani vilevile, wakawa wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi. Ramani ya Klute imetusaidia sana, kwa kuwa kutokana nayo wataalamu wamekadiria kwamba wakati ule barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la kilomita za mraba kati ya 11 na 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Anayetaka kufuata nyayo za Furtwängler leo atatelezea zaidi juu ya mchanga na mawe.

Turudi kwenye vifungo, kwa sababu mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kuwa mema. Mwaka 1926 Rudolf Lettner wa Salzburg alisajili ubunifu wa kutia ukingo wa chuma kwenye skii, hata zikaweza kuuma barafu ngumu. Mwaka 1929 Guido Reuge wa Uswisi alileta kifungo cha waya kiitwacho Kandahar: waya ulizunguka kisigino, ukapitishwa chini ya vikulabu ubavuni, na ukikazwa kwa wenzo wa mbele ulikivuta kisigino chini kikagandamana na ubao. Mtelezaji akawa kitu kimoja na skii zake. Mwaka 1936 huko Sun Valley, Marekani, wakafunga viti vinavyoning'inia kwenye waya vya kumpandisha mtu mlimani. Zamani mtu alipanda kwa jasho saa tatu akateremka mara moja au mbili kwa siku. Sasa aliweza kuteremka mara kumi na zaidi. Ukingo unauma, kisigino kimefungwa, mwendo ni mkali, na materemko ni mengi. Hospitali za miji ya milimani zikajaa watu wenye plasta miguuni.

Kwa nini muundi huvunjika? Vijana mliopo darasani, ichukueni kama hesabu ya Fizikia. Skii ya mita 2 iliyofungwa kwenye mguu ni wenzo, na egemeo lake ni mguu wako. Kutoka buti hadi ncha ya mbele kuna kadiri ya mita 1. Ncha ikinasa katika theluji na mwili ukaendelea na safari, nguvu inayosukuma ncha kwa ubavu huzidishwa kwa urefu huo wote. Uzito wa kilo 10 tu ukisukuma kwenye ncha hutoa msokoto wa karibu nyutoni-meta 100, na msokoto wa kadiri hiyo unatosha kuutia hatarini mfupa wa muundi wa watu wengi. Kilo 10 si kitu; ni ndoo ya maji isiyojaa. Mfupa hukatika kwa mzunguko, kama mtu anavyokamua nguo.

Mkulima anayelima kwa ng'ombe hahitaji Fizikia kulielewa hilo. Jembe likinasa kwenye kisiki na ng'ombe wasisimame, kitu kimoja hapana budi kikatike: mnyororo, nira au jembe lenyewe. Mwenye busara hupenda kikatike kile kilicho rahisi kutengeneza. Ndiyo kazi ya fyuzi nyumbani pia. Ule waya mwembamba huwekwa uungue ili nyumba isiungue. Kwa mtelezaji wa miaka ya 1930 kitu chepesi kuliko vyote katika mnyororo ule kilikuwa mfupa wake. Yeye ndiye aliyekuwa fyuzi.

Aliyelitatua jambo hili kwanza kwa namna iliyofika sokoni ni Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyezaliwa Kongsberg mwaka 1902 na kuhamia Portland, Oregon. Alikuwa bingwa, mwaka 1932 alishinda taji la Marekani la kuruka na kukimbia kwa skii. Mwezi Juni 1937, kwenye Mlima Hood, alishinda mashindano, kisha siku ileile akaruka ukingo mmoja wa theluji na kuvunjika mguu. Inaelezwa kwamba alipozinduka kutoka katika dawa ya usingizi hospitalini aliomba karatasi na kalamu, akachora kifungo ambacho mbele yake kinazunguka na kuliachia buti msokoto ukizidi. Mwaka 1939 alipata hati ya ubunifu. Alikiita Saf-Ski.

Mtu angetegemea kwamba dunia nzima ingekikimbilia. Haikukikimbilia. Wanamashindano walikuwa na woga mmoja mkubwa kuliko woga wa kuvunjika, nao ni kifungo kufunguka kabla ya wakati wake, katikati ya mteremko, kwa mtu anayekwenda mwendo wa gari. Woga huo haukuwa wa kijinga. Kifungo kinachoachia ovyo kinaweza kumwua mtu. Lakini palikuwa na jambo jingine pia, nalo ni kiburi. Katika baadhi ya vilabu plasta ilionekana kuwa nishani, na kifungo kinachofunguka kikahesabiwa kuwa ni cha waoga na wanaoanza. Nimeishi siku nyingi Nyamongo na nimewaona wachimbaji wadogo wakiteremka mashimoni kwa kamba, kwa hiyo nayajua maneno ya namna hiyo. Kofia ngumu ilichekwa vilevile. Tofauti ni kwamba mchimbaji hutaka kamba isiyoachia kamwe, basi. Mtelezaji anataka kifungo kishike kwa nguvu zote wakati mguu uko salama, kisha kiachie katika sehemu ndogo ya sekunde mguu unapoingia hatarini, na kiweze kutofautisha hali hizo mbili bila ya kuuliza. Kwa chuma na springi, hiyo si kazi ndogo.

Kifungo cha Hvam kilikuwa na upungufu pia. Kiliachia ubavuni, kwenye vidole. Mtu aliyeanguka kifudifudi, kisigino kikavutwa juu, hakupata msaada. Miaka ya 1950 ndiyo iliyoleta mageuzi. Mmarekani Mitch Cubberley alitengeneza Cubco, iliyoachia mbele na nyuma. Mfaransa Jean Beyl alileta Look Nevada, ambayo kichwa chake cha mbele kilikuwa na uvumilivu: buti likisukumwa kidogo kiliyumba, kisha kikalirudisha mahali pake, na likisukumwa mno ndipo kikaliachia. Kuyumba na kurudi huko ndiko kulikowashawishi wanamashindano, kwa kuwa mtetemeko wa kawaida haukukifungua tena. Mjerumani Hannes Marker akaleta vya kwake kuanzia mwaka 1952, na kiwanda cha familia ya Salomon huko Annecy, kilichoanza na misumeno na kingo za skii, kikaingia katika biashara hiyo na kukua kuliko wengi.

Tatizo lililofuata halikutazamiwa. Skii iliyoachia mguu iliendelea na safari peke yake, ikaja chini kama mkuki kwa watu waliosimama bondeni. Wakaifunga kwenye mguu kwa ukanda. Sasa mtu akianguka skii ilizunguka pamoja naye na kumpiga kichwani kwa ukingo wake wa chuma. Katika miaka ya 1970 ikaenea breki ya skii: vijiti viwili ubavuni mwa kifungo ambavyo hukaa juu buti linapokanyaga, na mara buti linapotoka hushuka kwa springi na kujichomeka katika theluji. Ni kifaa rahisi mno, na kwa maoni yangu ndicho cha kupendeza kuliko vyote katika historia hii, ingawa hakuna anayekumbuka kukisifu.

Kisha ikabaki kazi ya kupima. Kifungo kinachomfaa mtu wa kilo 90 kitamvunja msichana wa kilo 45, maana hakitamwachia. Ikabidi nguvu ya springi irekebishwe kwa skrubu na kusomwa kwa namba, na namba iwe na maana moja kwa viwanda vyote. Kazi hiyo ilifanywa na shirika la viwango la Ujerumani, DIN, na baadaye shirika la viwango la kimataifa, ISO. Mpaka leo watelezaji huuliza "DIN yako ngapi?" Namba 5, mathalani, ni takribani nyutoni-meta 50 za msokoto. Fundi huuliza uzito, urefu, umri na ustadi wa mtu, hupima urefu wa soli ya buti, ndipo akakaza. Anayejiongezea ustadi kwa majivuno mbele ya fundi anaukaza mfupa wake mwenyewe.

Je, vifungo hivyo vilisaidia kweli? Kwa swali hilo tuna bahati ya kuwa na watafiti watatu wenye subira. Tangu mwaka 1972 daktari Robert Johnson, pamoja na Carl Ettlinger na Jasper Shealy, waliwafuatilia majeruhi wa kituo kimoja cha skii, Sugarbush katika jimbo la Vermont, mwaka baada ya mwaka, wakipima hata vifungo vya waliovunjika na kuvilinganisha na vya wasiovunjika. Waligundua kwamba majeraha ya chini ya goti yalipungua sana, kwa zaidi ya nusu. Kifundo cha mguu, ambacho zamani ndicho kilichovunjika zaidi, kikawa salama, sehemu kwa sababu ya mabuti marefu ya plastiki yaliyoletwa na Mmarekani Bob Lange katika miaka ya 1960. Muundi nao ukafuata, kwa sababu ya vifungo.

Lakini hatari ilikuwa imepanda juu kidogo tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 majeraha mabaya ya goti yakaanza kuongezeka, hasa kukatika kwa kano iliyomo ndani ya goti, ile ambayo wachezaji wetu wa mpira wanaijua kwa machozi. Ettlinger na wenzake walizitazama filamu nyingi za watu wakianguka, wakaona namna moja inayorudiarudia: mtu anakaa nyuma, makalio yako chini ya magoti, uzito uko upande mmoja, na mkia wa skii ya bondeni unakamata theluji na kulizungusha goti kwa ndani. Nyuma ya kisigino, mkia huo ni kama mguu wa pili unaotazama kinyume. Vifungo havikubuniwa kwa msokoto wa namna hiyo. Vilibuniwa kuulinda muundi, na muundi vinaulinda.

Basi watafiti wale wakaacha springi kwa muda wakajaribu kufundisha. Katika msimu wa 1993 na 1994 waliwaonyesha walinzi na walimu wa vituo vya skii filamu hizo, wakawafunza kuitambua hali ile inapoanza, kuacha kujitahidi kuinuka wakati wangali wakiteleza, na kukubali kuanguka. Majeraha makubwa ya goti miongoni mwa waliofundishwa yakapungua kwa asilimia 62. Mimi niliyekaa miaka mingi mbele ya ubao wa chaki niliisoma takwimu hiyo mara mbili kwa furaha. Hata hivyo watalii wa kawaida, wanaokuja mlimani wiki moja kwa mwaka, hawakai darasani, na goti limeendelea kuwa kidonda cha mchezo huu.

Mwanafunzi atauliza kama watu wa Afrika ya Mashariki nao wameshiriki. Wameshiriki, na katika aina zote mbili za vifungo. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1998, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi huko Pyeongchang, Korea ya Kusini. Mchezo wake ni wa kuteremka mlima, kisigino kimefungwa, kifungo kina springi mbele na nyuma na breki mbili ubavuni. Wanamashindano wa ngazi hiyo hukaza springi zao kuliko mtu wa kawaida, kwa woga uleule wa miaka ya 1930, na kila msimu baadhi yao hubebwa kutoka mlimani.

Miaka 20 kabla yake alikuwapo Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret. Yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland mwaka 1996, kwa gharama za kampuni ya Nike, wakafundishwa skii za kukimbia nyikani. Boit ndiye aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za kilomita 10. Katika skii za namna hiyo kifungo hushika vidole tu, na kisigino kinainuka huru kama kilivyoinuka katika ukanda wa zamani wa Norwe. Ukoo wa vifungo hivyo unatoka kwa Bror With, Mnorwe, ambaye mwaka 1927 alitengeneza kibanio cha pini tatu na kukiita Rottefella, yaani mtego wa panya. Kwa kuwa kisigino ki huru na mbao ni nyepesi na nyembamba, miguu huvunjika mara chache sana kuliko katika kuteremka mlima. Boit alianguka mara kadhaa siku ile na kuinuka kila mara. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe. Dæhlie alikataa kwenda kuvishwa nishani mpaka Mkenya afike. Alimngoja kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Boit aliporudi nyumbani alimpa mwanawe jina la Dæhlie.